Vijana Wanazijua Dawa za Chunusi, Hawaijui Saa Yake

Mwezi Juni 2025 jarida la kitabibu la Pediatrics lilitoa utafiti uliozungumzwa sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani walifungua akaunti za TikTok wakijitambulisha kuwa wana miaka 13, wakakusanya video 100 za wasichana wa kati ya miaka 7 na 18 wakionyesha wanavyotunza ngozi za nyuso zao. Kwa wastani kila mmoja alijipaka bidhaa sita, na wapo waliovuka dazeni. Gharama ya wastani ilifika dola 168 kwa mwezi. Video zilizotazamwa zaidi zilibeba wastani wa viambato 11 vinavyoweza kuiudhi ngozi, na katika mipango ya mchana ni asilimia 26 tu iliyokuwa na losheni ya kukinga jua.

Maoni yaliyofuata yalitabirika. Waliolaumu simu walilaumu simu, waliolaumu wazazi walilaumu wazazi, na wengine wakazigeukia kampuni za vipodozi. Kila upande una ukweli wake, lakini wote wameusoma utafiti huo kana kwamba unahusu urembo na pesa tu. Mimi nauona ukisema jambo jingine. Msichana wa miaka kumi anayejipaka bidhaa sita aghalabu hana chunusi ya kutibu; anajifunza tabia. Anajifunza kwamba uso hushughulikiwa kila usiku na kukaguliwa kila asubuhi, na kwamba kisichojibu upesi hubadilishwa. Miaka mitatu baadaye, homoni zikianza kazi na chunusi ya kweli ikatoka, atauendea ugonjwa kwa tabia hiyohiyo, na hakuna tabia isiyoufaa ugonjwa huu kuliko hiyo. Vijana wa leo hawajapungukiwa na habari za dawa. Majina ya viambato wanayataja bila kukwama, kuliko watu wazima wengi. Kinachowaponza ni kutojua chunusi inakwenda kwa mwendo gani. Mengi tunayoyaita ujinga, uvivu au majivuno yanatokana na hapo.

Tuanze na kinachotokea ngozini. Kila unyweleo wa uso umeota ndani ya kitundu chake, na ubavuni mwa kitundu hicho kuna tezi ndogo inayotoa mafuta. Balehe ikiingia, homoni za kundi la androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huiamsha tezi hiyo ikatoa mafuta kupita kiasi. Wakati huohuo seli zilizotanda ndani ya kitundu, ambazo kwa kawaida hupukutika na kutoka moja moja, huanza kushikamana. Mafuta na seli hizo hufanya kizibo kidogo mno, kisichoonekana kwa macho. Nyuma ya kizibo, mahali pasipo hewa, huzaliana bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye ni mkazi wa kawaida wa ngozi ya binadamu, awe na chunusi au asiwe nayo. Mwili hujibu kwa uvimbe, na hapo ndipo maumivu, wekundu au weusi wa kuzunguka kipele, na usaha hujitokeza. Tangu kizibo cha kwanza hadi kipele kinachoonekana kwenye kioo hupita wiki kadhaa, pengine miezi miwili.

Kwa hiyo kipele kilichochomoza leo asubuhi kilianza kutengenezwa zamani. Hakikuletwa na chakula cha jana wala na foronya ambayo haikufuliwa juzi, na krimu iliyopakwa usiku wa kuamkia leo haistahili lawama wala sifa. Lakini mtu akiona kipele asubuhi hutafuta mkosaji wa jana, kwa kuwa jana ndiyo anayoikumbuka. Kosa lililo chini ya makosa mengine yote ni hilo, na halitibiwi kwa kumwongezea mtu orodha ya viambato.

Dawa zenyewe zinafuata mwendo huohuo. Adapaleni na tretinoini, za jamii ya retinoidi, kazi yake kubwa ni kuzuia seli zisishikamane, yaani kuvizuia vipele ambavyo bado havijazaliwa. Ndiyo maana maelekezo husema kiasi cha punje ya njegere kipakwe uso mzima, wala si kudonoa kipele kimoja kimoja. Benzoili peroksidi huua bakteria, tena ina sifa ambayo antibayotiki hazina: bakteria hawajaonekana kuijengea usugu. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, ila ile kali hukausha na kuwasha zaidi. (Zote hufifisha rangi ya taulo na foronya, jambo ambalo wengi hulijua wakishakuta mabaka kitandani.) Majaribio ya kitabibu ya dawa za kupaka kwa kawaida huendeshwa kwa wiki 12. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa 2021, nao unataka matibabu ya kwanza yapewe wiki 12, na unasisitiza dawa zinazofanya kazi kwa njia tofauti zitumike kwa pamoja. Mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani wa 2024 pia unahimiza kuchanganya dawa za namna hiyo. Miezi mitatu, basi. Kwa kijana wa miaka 15 huo ni muhula mzima wa shule, na kila siku yake anakwenda kukaa mbele ya wenzake na uso uleule.

Tena miezi hiyo haianzi vizuri. Wiki za mwanzo retinoidi huukausha uso na kuubabua, na kwa baadhi ya watu vipele huongezeka kidogo kabla ya kupungua. Asiyeambiwa mapema ataamini dawa imemharibu. Ataitupa wiki ya tatu, akiwa amekwishalipa karaha zote na faida haijaanza kuonekana. Kisha atanunua nyingine aanze upya. Mtu anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima, akapitia dawa tano nzuri asifaidi hata moja, na mwisho akasema kwa dhati kabisa kwamba amejaribu kila kitu.

Kijana mmoja wa jamaa zangu alinionyesha simu yake iliyojaa picha za shavu lake la kushoto, zote zimepigwa usiku chini ya taa ya bafuni. Alikuwa akilinganisha ya jana na ya leo na kuhesabu vipele, na kila usiku hesabu ilitoka tofauti. Nilimwomba arudi nyuma hadi picha ya karibu miezi miwili iliyopita, tukaiweka kando ya ile ya mwisho. Shavu lilikuwa limetulia waziwazi. Naye wiki hiyohiyo alikuwa ameshaamua kuiacha dawa.

Kuna jambo jingine linaloficha mwendo huu, na huwapumbaza hata watu wazima wenye elimu zao. Chunusi hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hukimbilia dawa mpya wakati uso uko vibaya kuliko kawaida yake, na baada ya hali mbaya kuliko kawaida kinachofuata mara nyingi ni hali ya kawaida, dawa iwepo isiwepo. Ndiyo maana katika majaribio hata kundi linalopakwa krimu tupu hupata nafuu inayopimika. Sasa uchukue ukweli huo uupeleke mtandaoni. Watu wengi wanapaka asali, au limau, au dawa ya meno. Sehemu yao wanapata nafuu ambayo ingekuja tu. Hao ndio wanaorekodi video, wakiwa na picha ya kabla na ya baada. Waliobaki na vipele vyao hawana cha kuonyesha, wananyamaza. Anayetoa ushuhuda hasemi uongo hata kidogo: alipaka kweli na akapata nafuu kweli. Hitimisho ndilo lisilofuata. Na kwa kuwa ushuhuda wa namna hiyo unapatikana kwa kila kitu, kila kitu kinaonekana kufanya kazi kwa wengine isipokuwa kwako. Limau, kwa taarifa ya anayefikiria kulijaribu, lina asidi kali na linaweza kuiunguza ngozi likipigwa na jua, na dawa ya meno huchoma.

Tuzipime basi hoja za wanaoliona jambo hili tofauti. Iliyo dhaifu kuliko zote, na yenye umri mrefu kuliko zote, inasema chunusi ni uchafu na dawa yake ni kunawa. Wanaoishikilia huonyesha vile vipele vyenye ncha nyeusi kuwa ushahidi. Weusi ule si vumbi. Ni melanini, rangi ileile ya ngozi, pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa. Bakteria na kizibo viko ndani ya kitundu, sabuni isikofika. Kunawa mara mbili kwa siku kwa kitu kisichochoma kunatosha. Kusugua kwa dodoki au chembechembe kunaongeza uvimbe, na katika ngozi nyeusi kila uvimbe unaweza kuacha doa. Kama uchafu ungekuwa chanzo, ndugu wanaonawa kwa sabuni moja kwenye karo moja wangelingana nyuso. Urithi ndio unaotamba hapa: utafiti wa mapacha wa kike nchini Uingereza, uliochapishwa 2002, ulikadiria kuwa takriban asilimia 81 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kupata chunusi inatokana na vinasaba. Anayemwambia kijana akanawe vizuri anamwongezea aibu juu ya ugonjwa.

Hoja ya chakula inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu madaktari wenyewe walikosea kwanza kwa kuikana. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani waliwapa watu 65 wenye chunusi chokoleti, kisha kipande kingine kinachofanana nayo kisicho na kakao, wakaona hakuna tofauti. Kwa miongo kadhaa utafiti huo ulitumiwa kuwaambia wagonjwa kwamba chakula hakihusiki. Kasoro yake ni kwamba kile kipande cha kulinganishia kilikuwa na mafuta na sukari kiasi kinachokaribiana na chokoleti yenyewe, hivyo kilichopimwa ni kakao peke yake. Mwaka 2002 ikaja taarifa ya wakazi wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, na jamii ya Waaché wa Paraguai, wanaokula vyakula vya asili: watafiti hawakukuta chunusi hata moja miongoni mwa waliochunguzwa. Inashawishi, ingawa jamii hizo zina urithi wao na maisha yao, na huwezi kuutenga mlo na hayo mengine. Ushahidi wenye uzito zaidi ni jaribio la Australia la 2007, ambapo vijana wa kiume waliokula kwa wiki 12 vyakula visivyopandisha sukari ya damu kwa kasi walipata nafuu kuliko wenzao. Nikipima vyote naona chakula kina mchango kwa baadhi ya watu, mdogo kuliko wa dawa, na hata mchango huo unakwenda kwa wiki. Chokoleti ya Jumamosi haitoi kipele cha Jumapili. Kijana anayejinyima chakula kimoja baada ya kingine kwa kuwa alipata kipele kesho yake anaweza kufika mahali pabaya zaidi ya chunusi.

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa pili ni ile ya wazee wetu: achana nayo, ni ujana, itaisha. Ina nguvu kwa sababu kwa wengi ni kweli. Inakadiriwa kuwa karibu asilimia 85 ya watu wa kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani, na wengi wao huvuka bila alama kubwa. Kwa mwenye vipele vichache vya juujuu, kumwandama kwa madawa ni kumtafutia maradhi ya ngozi ambayo hakuwa nayo, kama wale watoto wa zile video. Ila hoja hiyo inasahau kwamba hatari ya makovu huongezeka kadiri chunusi inavyokuwa kali na kadiri inavyokaa bila tiba inayofaa, na kovu halina ahadi ya kuondoka na ujana. Inasahau pia kwamba wapo wanaovuka miaka 25 na chunusi yao, hasa wanawake, wengine ikiwaanza ukubwani. Na inapuuza yaliyo ndani: uhusiano wa chunusi na huzuni, wasiwasi na kujitenga umeonekana tena na tena katika tafiti. Ajabu ni kwamba wazee hawa wamekaribia ukweli kuliko wauza krimu, kwa kuwa angalau wanajua jambo hili lina muda mrefu. Walichokosa ni kwamba muda huo unaweza kupitwa mtu akiwa ndani ya dawa.

Nimekusudia kukaa zaidi kwenye madoa, kwa sababu hapo ndipo kutoelewa muda kunapogeuka kuwa hatari. Kipele kikipona kwenye ngozi nyeusi au ya kahawia huacha doa jeusi ambalo si kovu: ngozi ni tambarare, ila melanini imemwagika kutokana na uvimbe. Doa hilo hufifia lenyewe, ila kwa miezi, na pengine zaidi ya mwaka likipigwa jua bila kinga. Kijana anapojitazama haoni vitu viwili. Anaona uso wenye alama, zingine mbichi na zingine kuukuu, na zote anaziita chunusi. Dawa inaweza kuwa imeshavizuia vipele vipya kabisa, naye akaendelea kuhesabu madoa ya vile vya zamani na kuamua kwamba haijafanya kitu. Hapo anageukia kung'arisha. Na katika soko la kung'arisha uso, kinachoshinda ni kinachojibu upesi, nacho mara nyingi ni stiroidi.

Krimu yenye stiroidi, kama klobetasoli au betamethasoni, ni dawa halali ya magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Ikipakwa usoni kwenye chunusi, hutuliza uvimbe ndani ya siku chache na kuufanya uso uwe mweupe na laini. Kwa mtu aliyengoja wiki nane bila kuona kitu, huo ni muujiza. Kisha ngozi inakonda, mishipa midogo ya damu inaanza kuonekana, nywele zinaweza kuota pasipostahili, na inatoka chunusi ya aina nyingine, vipele vidogo vinavyofanana vyote, iliyoletwa na stiroidi yenyewe. Akiacha, uso unalipuka, akirudia, unatulia. Anafungwa. Kuna nyingine zenye zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana 2023 kuondoa hata kile kiwango kidogo kilichokuwa kikivumiliwa katika vipodozi, ikifika 2025. Sheria hizo ni za lazima, ila nazo zinashambulia upande wa muuzaji tu. Mnunuzi ataendelea kuitafuta krimu ya siku tatu maadamu hakuna aliyemweleza kwamba doa lake liko njiani kuondoka, na kwamba asidi ya azelaiki, inayotibu chunusi na kufifisha madoa kwa pamoja, pamoja na losheni ya jua, zingemsaidia kwa usalama kama angezipa muda.

Haraka hiyohiyo ndiyo inayofanya antibayotiki zipendwe. Doksisaiklini au klindamaisini huleta nafuu mapema, mtu anaridhika, anaendelea nazo peke yake mwaka mzima, na bakteria wanajenga usugu usioishia usoni. Miongozo yote miwili niliyoitaja inataka matumizi yake yawekewe kikomo na yaambatane na dawa nyingine, kama benzoili peroksidi, badala ya kutumiwa peke yake. Wanaozitumia hivyo ni wachache kuliko inavyopaswa, na safari hii lawama si za vijana peke yao. Mwandika cheti naye ana haraka zake.

Upande wa pili wa haraka ni woga, na woga nao husafiri kwa kasi. Machi 2024 maabara moja binafsi ya Marekani ilitangaza kukuta benzini, kemikali inayosababisha saratani, katika bidhaa za benzoili peroksidi. Habari ikasambaa, kopo likatupwa. Mwaka mmoja baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa matokeo ya kupima bidhaa 95: zaidi ya asilimia 90 hazikuwa na benzini au zilikuwa na kiasi kidogo mno, na bidhaa chache zilizobaki zikaondolewa madukani. Taarifa ya pili haikupata nusu ya mbio za ile ya kwanza. Isotretinoini ina hadithi inayokaribiana. Ni kidonge kilichoidhinishwa Marekani 1982, na hakuna dawa ya chunusi kali iliyo na nguvu kama yake. Ni kweli hulemaza mimba, na kwa hilo hakuna mzaha: hakuna mwanamke anayepaswa kuimeza bila kinga ya uhakika ya uzazi. Kuhusu huzuni na mawazo ya kujidhuru, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2023 haukuona ongezeko la hatari kwa watumiaji kwa ujumla wao, lakini Uingereza mwaka huohuo iliamua kwamba walio chini ya miaka 18 waanzishiwe kwa kauli ya wataalamu wawili. Naona tahadhari hiyo inaeleweka. Nisichokubali ni kijana mwenye vinundu vinavyochimba mashimo usoni kunyimwa hata mazungumzo juu ya dawa hiyo kwa sababu ya kilichosikika mtaani.

Haki itendeke pia kwa mitandao. Madaktari wa ngozi wengi wako humo humo, na vijana wamejifunza kwao mambo ambayo kizazi changu hakikuyajua: kwamba kusugua kunadhuru, kwamba ngozi yenye mafuta nayo inahitaji kulainishwa, kwamba jua huimarisha madoa. Aibu imepungua, wapo wanaoonyesha nyuso zenye vipele hadharani na dunia haikuanguka. Anayesema mitandao imewapotosha tu anasema nusu. Ubaya wake uko kwenye umbo lake. Tiba ya miezi mitatu haiingii katika video ya sekunde arobaini isipokuwa kwa kukatwa, na kinachokatwa ni ile miezi yenyewe. Mtazamaji anabaki na uso wa mwanzo, uso wa mwisho, na jina la chupa.

Kwa hiyo nina mashaka na hatua zinazopendekezwa sasa. Machi 2024 kampuni ya maduka ya dawa ya Uswidi, Apotek Hjärtat, iliamua kutowauzia walio chini ya miaka 15 bidhaa kali za ngozi bila idhini ya mzazi au sababu ya kiafya. Inawalinda watoto wasio na chunusi, na kwa hao naiunga mkono. Lakini mlango huo unafunguka katika umri ambao chunusi iko kwenye kilele, na anayeingia anakuta rafu zilezile bila mtu wa kumweleza. Marekani ilifanya kinyume: tangu 2016 adapaleni ya asilimia 0.1 inauzwa huko bila cheti cha daktari. Ilikuwa hatua nzuri, dawa iliyothibitishwa ikawafikia wasioweza kumwona mtaalamu. Ila pamoja na cheti alitoweka pia yule mtu aliyekuwa akisema, rudi baada ya miezi mitatu nikuone. Hakuna aliyejaza nafasi yake.

Kuijaza si kazi ngumu. Benzoili peroksidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni ya zamani, na haihitaji mtaalamu bingwa kuieleza. Mfamasia au muuguzi wa shule anatosha. Tazama boksi lolote la dawa ya chunusi: asilimia ya kiambato imeandikwa kwa herufi kubwa mbele, na tarehe ya kuharibika ubavuni. Wiki ambayo mtumiaji atazamie mabadiliko, kama imetajwa, imo kwenye kikaratasi kilichokunjwa ndani, kwa maandishi ya kuumiza macho. Mamlaka zinazosajili dawa zinaweza kuitaka iwe mbele. Hadi hapo, muuzaji anaweza kuchukua kalamu akaandika juu ya boksi tarehe ya wiki ya 12, akamwambia mnunuzi apige picha moja leo na nyingine siku hiyo, na aje mapema akiona uso unavimba au unaungua badala ya kukauka tu. Tarehe ikifika bila mabadiliko, tiba imeshindwa kwa haki, na kijana huyo anapaswa kupelekwa kwa daktari apandishwe dawa, kwa wasichana homoni zao zichunguzwe pale dalili zinapoashiria, bila kuulizwa ananawa mara ngapi.